Mabasi ya Dar es Salaam, na Gharama ya Kuunganisha

Wasomaji wetu wakaao shamba, wanaposhuka Dar es Salaam kumwangalia mgonjwa Muhimbili, au kumpeleka mtoto shuleni, au kumtafuta kijana aliyekwenda mjini akakatisha salamu, hukuta jambo ambalo hawakulihesabu nyumbani. Nauli ya kutoka Iringa au Tanga waliijua mapema, wakaifunga pindoni. Lakini basi likiisha kuwashusha, huona ya kuwa safari haijaisha. Imebaki ya pili, na pengine ya tatu, na kila moja ina nauli yake, na kungoja kwake, na kusukumana kwake. Wenyeji wa mji wana neno la jambo hilo. Husema, "Hapa utaunganisha," maana yake utashuka katika gari hili, utafute jingine, nawe utalipa tena. Mgeni akiuliza sababu ya magari mawili kwa safari moja, huambiwa kwamba ndivyo mji ulivyo. Jibu hilo halitutoshi sisi tulio walimu. Mambo tuyaonayo yalianza siku fulani, nayo yalianzishwa na watu. Na twapenda kuyafuata tangu mwanzo, kwa kuwa gharama ya kuunganisha haiwaangukii watu wote sawasawa.

Msomaji na aukunjue mkono wake, autazame. Kiganja ni bandari pamoja na majumba yaliyoizunguka, na vidole ni barabara nne kuu zitokazo hapo: ya Kilwa yaelekea kusini; ya Pugu, ambayo sasa huitwa barabara ya Nyerere, yaelekea uwanja wa ndege; ya Morogoro yaenda magharibi; na ya Bagamoyo yaenda kaskazini. Atakaye kutoka kidole kimoja kwenda kidole kingine, kama hakuna njia ya kukatiza, hana budi kurudi kwanza kiganjani. Hilo ndilo umbo la mji, na mambo mengi tutakayoyasimulia yatoka katika umbo hilo.

Wala umbo hilo halikuja kwa bahati. Sultani Majid wa Unguja alianza kujenga mahali hapa katika miaka ya 1860, kwa ajili ya bandari. Wajerumani waliyahamishia hapa makao yao makuu kutoka Bagamoyo mwaka 1891, kwa ajili ya bandari hiyo hiyo. Mwaka 1905 wakaanza kutandika reli ya kwenda bara, ikafika Morogoro mwaka 1907. Kila njia iliyofunguliwa ilikuwa na kazi moja, kuteremsha mazao mpaka melini na kupandisha bidhaa na askari mpaka bara. Hakuna aliyepima njia kwa kufikiri kwamba siku moja mtu akaaye upande wa Kilwa atakuwa na kazi upande wa Bagamoyo.

Waingereza walipoushika mji baada ya vita ya 1914 hata 1918, waliendeleza desturi ya kutenga makao: Wazungu upande wa bahari penye upepo, Wahindi katikati penye maduka, na Waafrika Kariakoo na Ilala, ng'ambo ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya wapagazi wa vita ile, waliokuwa katika kikosi kilichoitwa Carrier Corps. Kwa muda mrefu mji ulikuwa mdogo, na mtu wa Kariakoo aliyefanya kazi bandarini alikwenda kwa miguu asubuhi na kurudi kwa miguu jioni, asione ajabu.

Hesabu ya watu ya mwaka 1948 ilikuta karibu watu 70,000. Ile ya 1957 ilikuta karibu 129,000. Ndipo miguu ilipoanza kushindwa, maana nyumba mpya zilijengwa Magomeni, Temeke na Kinondoni, mbali na kazi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1940 palikuwapo kampuni ya Kiingereza ya mabasi, Dar es Salaam Motor Transport Company, ambayo watu waliita kwa herufi zake tu, DMT. Mabasi yake yalifuata vidole. Yalitoka kiganjani, yakaenda hata mwisho wa nyumba, yakarudi. Hatuilaumu kampuni kwa hayo. Mfanyabiashara huenda walipo abiria, na abiria wa siku zile wengi walikuwa wakienda mjini.

Baada ya uhuru, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, serikali iliitwaa DMT mwaka 1970. Mwaka 1974 kazi yake iligawanywa sehemu mbili: Usafiri Dar es Salaam, yaani UDA, kwa mabasi ya mjini, na Kampuni ya Mabasi ya Taifa, yaani KAMATA, kwa mabasi ya kwenda mikoani. Kwa viongozi mgawanyo huo ulikuwa na maana, kwa sababu basi la njia ya Songea na basi la Magomeni si kazi moja. Lakini tumtazame mwanamke aliyeshuka na mtoto mgonjwa kutoka Mahenge. Kwake safari ni moja tu, toka mlangoni pake hata mlango wa hospitali; nayo sasa ilikuwa mali ya watu wawili, na pale katikati, kutoka basi la KAMATA hata basi la UDA, hapakuwa mali ya mtu. Hapo alikuwa peke yake na mizigo yake.

UDA ilianza kazi katika miaka migumu. Bei ya mafuta ilipanda sana mwaka 1973, ikapanda tena mwaka 1979. Katikati yake vilikuja vita vya kumwondoa Idi Amin, 1978 na 1979, ambavyo vilikula fedha na magari. Fedha za kigeni zilipungua hata vipuri havikupatikana, na basi zima liliweza kulala karakana kwa kukosa kitu kidogo kabisa. Na wakati huo huo mji haukungoja. Mwaka 1967 watu walikuwa zaidi ya 270,000. Mwaka 1978 mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na zaidi ya 840,000. Wazee waliokuwa makarani siku zile husimulia mabasi marefu ya Ikarus yaliyotoka Hungaria, jinsi watu walivyoning'inia milangoni, na jinsi mtu alivyoweza kusimama kituoni tangu alfajiri na kufika kazini karibu na saa nne.

Penye haja, watu hujitafutia. Katika miaka ya 1970 yalitokea magari ya watu binafsi yaliyochukua abiria bila ruhusa, yakaitwa thumni thumni kwa ajili ya nauli yake ya senti 50. Yakapigwa marufuku. Baadaye yakatokea malori madogo ya wazi, yaliyotiwa mabenchi, abiria wakikaa kwa kuelekeana, nayo yakaitwa chai maharage. Askari waliyakamata, na kesho yake yalirudi barabarani, kwa sababu wale abiria hawakuwa na njia nyingine, na pengine askari mwenyewe alipanda mojawapo akirudi nyumbani.

Mwaka 1983 serikali ilikubali yaliyokwisha kuwa. Watu binafsi wakapewa ruhusa ya kuchukua abiria mjini, kwanza chini ya mkono wa UDA. Nauli yao ilikuwa shilingi tano, na sarafu ya shilingi tano watu walizoea kuiita dala. Makondakta wakaita, "Dala! Dala!" nalo jina likashika hata leo, ijapokuwa dala ile haiwezi tena kununua hata pipi moja. Serikali ilipolegeza biashara katikati ya miaka ya 1980 na baadaye, magari yaliyokwisha tumika ng'ambo yaliingia kwa wingi: Hiace ndogo, ambazo mji mzima uliziita vipanya, kisha Coaster na nyinginezo. UDA ikafifia. Jambo lililokuwa kazi ya serikali likawa kazi ya maelfu ya watu, kila mmoja na gari lake moja au mawili.

Hapa twapenda kutoa haki kwa daladala kabla ya kuzisema, maana wengi husema ubaya wake tu. Daladala zilifika Mbagala na Gongo la Mboto na Tegeta, mahali ambapo mabasi ya kampuni yalikuwa yamechoka kabla ya kufika. Zilianza kazi kabla ya jogoo na kumaliza usiku. Kila gari lilipigwa mstari wa rangi kwa kadiri ya njia yake, hata bibi asiyejua kusoma aliweza kulijua gari lake kutoka mbali. Jambo dogo, lakini sisi tunaofundisha watu wazima kusoma twalistahi. Tena ndizo zilizothubutu kukatiza kutoka kidole hata kidole. Kwa kuifuata barabara ya Mandela, ambayo yatoka upande wa bandari, yapita Tazara na Buguruni hata Ubungo, na kisha barabara ya Sam Nujoma hata Mwenge, gari liliweza kutoka Temeke hadi Mwenge pasipo kwenda mjini kabisa. Karani wa ofisi hakuchora njia hizo. Zilichorwa na makonda kwa kusikia abiria wanauliza nini.

Lakini sasa yafaa tueleze jinsi gari hilo lilivyofanya kazi, maana ndipo palipo kiini cha mambo.

Mwenye gari hakumwajiri dereva kwa mshahara. Alimpa gari asubuhi, na jioni alitaka apewe fedha kamili, ambayo huitwa hesabu. Mafuta aliyanunua dereva. Mpiga debe aliyeita abiria kituoni alitaka chake. Faini za barabarani nazo zilitoka mfuko huo huo. Hesabu ya tajiri ikiisha kutimia, kilichobaki ndicho cha dereva na konda wake. Isipotimia, gari kesho alipewa mtu mwingine, maana walioketi kijiweni wakingoja gari ni wengi kuliko magari. Mkataba wa maandishi ulikuwa adimu. Mwenye gari alikuwa na hakika ya fedha yake, na hatari yote ya siku, yaani mvua, foleni, pancha, na askari, ilibaki kwa vijana wawili waliokuwa na njaa.

Msomaji akilishika jambo hilo moja, ataelewa mengine bila kufundishwa. Ataelewa kwa nini gari halikuondoka kituoni mpaka lijae, na likiisha kuondoka lilikimbia kama lafukuzwa. Ataelewa na ule ujanja wa kukatisha ruti. Gari limeandikwa kwenda hata mwisho wa njia; lakini jioni, abiria wakiwa wengi mjini na wachache mwishoni, dereva husimama nusu ya njia na kusema, "Mwisho hapa," akageuza kurudi kuchukua wengine. Wale walioshushwa huunganisha, na huko kuunganisha ni nauli ya pili kwa safari waliyokwisha kuilipia. Kwa hiyo kubadili gari hakukuletwa na umbo la mji peke yake. Kulitengenezwa kila jioni, kwa kuwa kulikuwa na faida.

Na abiria nao wakajifunza. Mwenye fedha kidogo ya ziada alipanda gari lililokuwa likienda upande asiotaka, akalipa nauli mpaka mwisho wake, akabaki amekaa, ili gari lilipogeuka awe tayari na kiti. Jambo hili liliitwa kugeuza na gari. Mtu alilipa mara mbili, akasafiri kwanza kwa kurudi nyuma, ili apate kwenda mbele. Wasio na fedha hiyo walipita madirishani. Tumewaona wanawake wazima, mama za watu, wenye heshima zao kanisani, wakitupia kanga na kikapu dirishani ili kushika kiti, kisha wakang'ang'ana mlangoni na vijana. Mama mmoja jirani yetu alitwambia ya kwamba aibu ile aliizoea mwaka wa kwanza, lakini mbavu hazikuzoea.

Basi katika mashindano hayo alikuwamo na mwanafunzi.

Kwa amri ya serikali mwanafunzi hulipa nauli ndogo. Katika nauli zilizotangazwa mwaka 2013, mtu mzima alilipa shilingi 400 kwa njia isiyozidi kilomita 10, na mwanafunzi shilingi 200. Mwaka 2022 nauli ya mtu mzima kwa njia hiyo ilipanda kuwa 500, na mwisho wa mwaka 2023 ikawa 600. Ya mwanafunzi ilibaki 200. Nia ya amri ilikuwa njema. Lakini amri ilipunguza nauli ya mtoto bila kupunguza hesabu ya tajiri. Mwenye kufidia kile kilichopungua alikuwa konda, kijana asiye na mshahara. Na kila nauli ya mkubwa ilipopanda, mtoto alizidi kuwa hasara. Mwaka 2013 watoto wawili walikuwa sawa na mtu mzima mmoja. Mwaka 2023 walihitajiwa watatu.

Kwa hiyo konda alisimama mlangoni, akaweka mkono. "Wanafunzi wawili tu!" Wa tatu alibaki. Kama aliweza kupenya, alikatazwa kukaa hata kiti kikiwa wazi, maana kiti ni cha mwenye kulipa yote. Na mtoto huyo mara nyingi hakuwa na gari moja tu la kupanda. Shule za sekondari za kutwa zilizojengwa mjini hazikuwa kila mara karibu na makao ya watoto waliopangwa kuzisoma. Mwingine alikaa upande wa barabara ya Kilwa akapangwa shule iliyo upande wa Morogoro. Huyo alikataliwa mlangoni mara mbili asubuhi, mara mbili jioni. Alitoka nyumbani saa kumi na moja, nyota zikiwa bado juu, akafika saa mbili na nusu kipindi cha kwanza kimekwisha. Sisi walimu twamwona akiingia na shati lililonyofoka kifungo, naye hulala juu ya daftari kabla ya saa sita. Katika shule nyingine aliadhibiwa kwa kuchelewa. Twasema wazi kwamba adhabu ile haikuwa haki, kwa sababu mtoto hakuchelewa, alicheleweshwa.

Kwa wasichana palikuwa na neno zito zaidi, nalo twaliandika kwa ajili ya wazazi wakaao shamba ambao hupeleka mabinti zao kukaa kwa shangazi mjini wapate kusoma. Msichana anayekataliwa mlangoni kila siku, akisha kuona giza linaingia naye bado yuko kituoni, humwona rafiki katika konda yule mmoja asemaye, "Wewe panda, usilipe." Safari ya bure ya leo na ya kesho hujenga deni ambalo halikuandikwa popote. Wako waliokatishwa masomo yao kwa njia hiyo, na wako wazazi waliolaumu tabia ya mtoto bila kuuliza alisimama kituoni saa ngapi.

Zilijaribiwa dawa kadha wa kadha. Kwa muda mrefu hapakuwa na gari la moshi la watu wa mjini. Hata mwezi Oktoba 2012 ndipo reli ile ya Wajerumani ilipoanza kuchukua wafanya kazi asubuhi na jioni, kati ya Ubungo na stesheni ya mjini. Watu waliliita treni ya Mwakyembe, kwa jina la waziri wa siku zile. Lilisaidia walio karibu na reli.

Jambo kubwa lilikuja mwezi wa Mei 2016. Hapo yalianza mabasi yaendayo haraka, ambayo watu huyaita mwendokasi, katika barabara ya Morogoro kutoka Kimara hata Kivukoni, pamoja na matawi ya kwenda Morocco na Gerezani. Njia yake yote ni kilomita 20.9. Yalianza na mabasi 140. Katikati ya barabara palitengwa njia yao peke yao, na vituo vyao vimeinuliwa, hata mtu huingia basini bila kupanda ngazi. Kimara hukutana na magari yatokayo Mbezi, Kivukoni hukutana na kivuko cha Kigamboni, na Gerezani hukutana na Kariakoo. Watu wengi walistaajabia urefu wa mabasi na viti vyake. Sisi tulistaajabia karatasi ya nauli.

Karatasi ile ilisema hivi: atakayepanda basi la njia kuu atalipa shilingi 650; atakayepanda gari dogo la njia ya pembeni atalipa 400; na atakayepanda yote mawili kwa safari moja atalipa 800. Msomaji na ajumlishe 650 na 400. Ni 1,050. Kwa maneno mengine, aliyeandika karatasi hiyo alikubali kwamba mtu anayebadili gari hajaanza safari mpya, bali yumo katika safari ile ile. Mwanafunzi aliandikiwa 200. Pengine ni jambo dogo kwa mtu mwenye gari lake. Lakini tangu DMT hata UDA, na tangu UDA hata daladala, hatujui nauli nyingine katika mji ule iliyotangazwa kwa kufikiri pale katikati ambapo yule mama wa Mahenge alisimama na mizigo. Tena dereva wa basi hilo hakudaiwa hesabu ya jioni, kwa hiyo hakuwa na sababu ya kumsukuma mtoto.

Hatusemi kwamba mambo yalinyoka. Wengi walinung'unika ya kuwa 650 ni kubwa kuliko nauli ya daladala ya njia fupi, nao walikuwa na haki, hasa wale wa vituo vya karibu. Daladala ziliondolewa katika njia ile, basi aliyekosa mwendokasi hakuwa na la pili. Mabasi hayakutosha, watu walizidi, na kusukumana kulihamia katika vituo vipya vya vioo. Na karakana ilijengwa Jangwani, katika bonde la mto Msimbazi, mahali ambapo kila mwenyeji hujua kwamba maji hupita yakitaka. Mvua kubwa ikinyesha, barabara ya Jangwani hufungwa, na mji hukatika vipande viwili. Mwaka 2018 maji yaliyafikia mabasi yenyewe yakiwa yamelala.

Kwa wasomaji wetu wa mikoani liko na badiliko jingine la kujua. Zamani mabasi ya bara yalishusha watu Kisutu na Mnazi Mmoja, kiganjani kabisa, baadaye Ubungo, na tangu mwezi wa Februari 2021 kituo kikuu ni cha Mbezi, ambacho kilipewa jina la Rais Magufuli. Kituo hicho ni kikubwa na kizuri, nacho kimeyaondoa mabasi marefu katika msongamano. Ila kutoka hapo hata bandarini ni kama kilomita 20. Yaani safari ya shamba imefupishwa kidogo, na safari ya mjini imerefushwa kwa kadiri hiyo hiyo, na mwenye kulipa tofauti ni abiria. Atokaye kwetu na aweke akiba ya magari mawili zaidi, na kama anaongozana na mgonjwa, asifike usiku.

Wakuu wa mji wamekwisha kupanga njia nyingine za mwendokasi, kwa awamu. Ya kwanza ndiyo hiyo ya barabara ya Morogoro. Ya pili yafuata barabara ya Kilwa hata Mbagala, na mabasi yalianza kuipita mwaka 2025, baada ya barabara kukaa tayari kwa muda ikingoja magari. Ya tatu imepangwa kufuata barabara ya Nyerere kuelekea Gongo la Mboto, na ya nne barabara ya Bagamoyo kuelekea Tegeta. Msomaji na autazame tena mkono wake: ni vidole vile vile vinne, tena vyote vyatoka kiganjani. Barabara ya Mandela, ile ivikatizayo vidole, ambayo makonda waliigundua bila ramani, imewekwa katika awamu ya tano. Mtoto akaaye Tandika na kusoma Ubungo yumo katika awamu hiyo.